Mtoto wa mwisho kuhesabiwa: utafiti wetu wa B.Com ulivyokaribia kutumaliza Dabaso

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa bara na wa pwani.

Nimeona vijana humu wakiyalalamikia masomo ya biashara. Eti takwimu ni ngumu, utalii hauna ajira, fedha inachosha na usimamizi ni porojo tupu. Mmoja akauliza kama kuna mtu yeyote aliyewahi kuliona somo la takwimu nje ya darasa.

Mimi nimeliona. Nimeliona likitaka kuua mtu.

Majina nimeyabadilisha. Mengine yote nitayasema kama nilivyoyaona, na pale ambapo sikuwepo nitawaambia kwamba sikuwepo.

Ilikuwa miaka ya themanini, daraja la Kilifi halijajengwa. Ukitoka Mombasa kuja kwetu Malindi unateremka, unangoja feri, unavuka, unaendelea. Mimi ni mtoto wa Malindi mjini, baba Mswahili, mama wa mama yangu Mgiriama wa Sabaki. Nilikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, Nairobi, nikisoma B.Com. Wasichana darasani tulikuwa wa kutafutwa kwa taa.

Kila wanafunzi wawili walipewa utafiti mmoja. Mwenzangu alikuwa Ochieng, kijana aliyezaliwa na kukulia Nairobi, kichwa cha hesabu kama chake sijakiona tena. Kikokotoo alikuwa nacho, lakini alikitumia kuhakikisha tu kwamba kikokotoo hakijakosea.

Swali letu lilikuwa zuri, hata leo nalipenda: mshahara mmoja wa hoteli ya kitalii unalisha vinywa vingapi?

Hoteli moja ya Watamu ilitupa majina ya wafanyakazi wake. Tukapiga bahati nasibu, tukapata nyumba za kutembelea. Nyingi zilitoka Dabaso na vijiji vya pembeni.

Msimamizi wetu, Daktari mmoja mkali, alituambia kabla hatujaondoka:

"Nyumba ikishatoka kwenye sampuli, haibadilishwi. Msiniletee habari za 'hatukumkuta mwenyewe' wala 'jirani ametuambia.' Ikikosekana hata moja, mtarudia mwaka."

Ochieng hakuwa na mwaka wa kurudia. Mfadhili wake alikuwa amekwisha kumwambia kwamba huo ndio wa mwisho. Shikeni hilo.

Tukafikia kwetu Malindi. Mama yangu alimpenda Ochieng kwa sababu alikula mahamri na mbaazi bila kuulizwa mara mbili. Kila asubuhi tukaenda Gede, kisha tukashuka kwa miguu kuingia Dabaso.

Sasa niwaeleze tulivyofanya kazi, kwa sababu jambo lote limekaa hapo.

Mimi nilifanya kama nilivyofunzwa nyumbani. Unapiga hodi ukiwa mbali kidogo. Unangoja ukaribishwe. Unatoa shikamoo kwa wakubwa. Unaletewa kiti au mkeka, unaketi. Unaletewa maji, unakunywa hata kama huna kiu. Unauliza habari za nyumbani, za shamba, za wagonjwa. Unaulizwa wewe mtoto wa nani, unajieleza mpaka anapatikana mtu mnayemjua nyote. Ndipo unatoa karatasi.

Na ukifika kwenye swali la watoto, huulizi "wangapi". Unauliza "Watoto wanaitwaje?" Mama anataja, wewe unaandika, kisha unakwenda kujumlisha mwenyewe njiani. Hakuna aliyenifunza hilo kama somo. Nililiona tu kwa bibi yangu: mtu akiulizwa ana watoto wangapi, hunyamaza au husema "wapo, Mungu amewaweka." Kumhesabu mtoto kwa namba ni kama kumwonyesha kifo mlango.

Ochieng alikuwa akitazama saa.

"Rukia, kwa mwendo huu tutahitimu tukiwa na mvi."

"Ndivyo watu wanavyozungumza huku."

"Hatukuja kuzungumza. Tumekuja kuchukua data."

Zikabaki nyumba chache na siku chache. Akapendekeza tugawane. Mimi nikaenda nyumba za upande wa ghuba ya Mida, yeye akachukua za upande wa barabara. Nilimwambia apige hodi na avue kofia. La watoto sikulitaja, halikunijia akilini. Mtu hamwelezi mwenzake jinsi ya kupumua.

Nilipomaliza nilimfuata. Nikamkuta katika boma la mtu ninayemwita Katana, mhudumu wa vyumba pale hotelini. Katana alikuwa kazini. Mkewe Dama alikuwa kisimani. Mama yake Katana, ambaye wote walimwita Hawe, yaani bibi kwa Kigiriama, alikuwa shambani nyuma ya nyumba. Palikuwa na watoto tu.

Ochieng alikuwa amewapanga mstari, mrefu mpaka mfupi, kama gwaride. Alikuwa akipita na kalamu, anagusa kila kichwa, anahesabu kwa sauti.

Watoto walikuwa wakicheka. Kwao ulikuwa mchezo.

Alifika mwisho, kwa kitoto kidogo kilichoitwa Sidi, kikinyonya kidole. Akakigusa utosini, akataja namba, akaandika.

Idadi hiyo sitaitaja hapa. Mtanisamehe.

Nilipoinua macho nikamwona Hawe amesimama kwenye kona ya nyumba, jembe begani. Hakupiga kelele. Aliwaita watoto ndani kwa majina yao, mmoja mmoja, mpaka Sidi. Kisha akamtazama Ochieng, kisha mimi, akaingia akafunga mlango.

"Amekasirika nini?" Ochieng akauliza.

Nikamweleza njiani. Akacheka, si kwa dharau, akacheka kama mtu aliyeambiwa kitu kisichomhusu.

"Sasa namba imeshaandikwa. Hafi mtu."

Siku ya pili yake ilikuwa lazima turudi kwa Katana, kwa sababu yale maswali ya mshahara yalimtaka mwenyewe naye siku hiyo angekuwa na zamu ya nusu siku. Tulipokaribia boma niliona mambo mawili. Kwanza, hakuna mtoto aliyekuwa nje. Pili, wanaume walikuwa wamesimama njiani ilhali saa ile wanaume huwa shambani.

Mbele yao alikuwa Kazungu, mdogo wake Katana, na panga la kufyekea mkononi. Si kwamba alilinyanyua. Alilishika tu.

"Ndiye huyu," akasema. "Mhesabu watu."

Nikatoa salamu. Waliitikia yangu. Ya Ochieng ilianguka chini.

"Karibu, mwalimu," Kazungu akamwambia. "Njoo uhesabu tena. Leo utapata pungufu."



Tukaingizwa uani. Dama alikuwa amekaa kizingitini amempakata Sidi. Mtoto alikuwa moto hata ukikaa mbali unauona. Macho yalikuwa nusu wazi. Kisha akashtuka mwili mzima, mikono ikakakamaa, meno yakaumana. Degedege. Mwenye kuijua anajua. Ilimwachia, Dama akamfuta midomo na upindo wa leso.

"Joto lilianza usiku," akaniambia kwa sauti ndogo. "Degedege imeanza asubuhi, baba yake ameshatoka. Hii ni ya tatu."

Ochieng akajisahau. "Hiyo ni malaria! Mnangoja nini? Mpelekeni hospitali!"

"Nyamaza!" watu walisema kwa pamoja.

Hawe alikuwa ameketi kwenye kigoda pembeni. Akazungumza bila kumtazama.

"Mtoto hatoki hapa na hesabu ya mtu kichwani. Akitoka nayo, hatarudi. Aliyeiweka aiondoe."

"Niondoe nini?" Ochieng akaniuliza kwa Kiingereza. "Rukia, nikisema naondoa, nimekubali kwamba niliweka. Nimekubali kwamba mimi ni mchawi."

Na wakuu, hapo alikuwa na haki. Fikirini wenyewe. Akikataa, mtoto anabaki uani na degedege inarudi. Akikubali, amekiri uchawi mbele ya wanaume na panga lao, na mtoto akifa njiani hakuna atakayengoja polisi. Kila upande kuna maiti.

Mkoba wake ulikuwa tayari mikononi mwa mtu mwingine. Karatasi zetu zote zilikuwa humo.

Hapo Katana akafika na baiskeli, bado amevaa sare nyeupe ya hoteli, kola imelowa jasho. Alimwona mwanawe, akaitupa baiskeli. Hakuwa na habari yoyote, aliondoka alfajiri mtoto akiwa na joto dogo tu. Kazungu akamweleza kwa maneno machache. Katana akamgeukia Ochieng, akamshika shati kifuani.

"Nyumba yangu umeipata wapi?"

"Hotelini. Walitupa majina."

"Kwa hiyo nimekuuzia wanangu mwenyewe."

Mimi nilikuwa namtazama Hawe. Katika hao wote ni yeye peke yake aliyekuwa akimtazama mtoto na si Ochieng. Nikaona mikono yake imekamata magoti. Nikasema moyoni, huyu hataki kisasi. Huyu anaogopa, na anatafuta njia ya kumtoa mtoto.

Nikaenda nikapiga magoti mbele yake.

"Hawe, shikamoo."

"Marahaba."

"Mimi ni mjukuu wa mwanamke wa Sabaki." Nikamtaja bibi yangu na mbari yake. Akageuza kichwa.

"Hawe, huyu si mchawi. Mchawi huja na adabu zote ili asijulikane. Huyu alikuja kama mbuzi. Hakupiga hodi kwako. Hakuketi. Hakunywa maji yako. Hakumuuliza mtoto hata mmoja jina lake. Amewahesabu watoto kwa sababu yeye hawajui. Kosa lake ni utovu wa adabu, na utovu wa adabu una dawa yake."

"Dawa gani?" Kazungu akadakia. "Chuo kikuu hawauzi dawa hiyo."

Hawe alimnyamazisha kwa mkono. Akafikiri. Degedege ilimshika mtoto tena, Dama akatoa sauti ambayo sitaki kuikumbuka.

"Basi na atoke," Hawe akasema. "Aje upya. Aje kama mtu."

Katana alikuwa na mkono kwenye shati la Ochieng bado. Ulimlegea polepole.

Nikamwambia Ochieng kwa Kiingereza, haraka: "Toka nje, piga hodi, fanya kama mimi ninavyofanya. Usiruke hata neno. Na usiharakishe."

Wakuu, sijawahi kuona salamu ndefu kama ile.

Alitoka mpaka kwenye mkorosho ulio nje. Akaita, "Hodi!" Akaita tena. Hawe akamwacha angoje, kama mgeni yeyote angojavyo, kisha akasema, "Karibu." Akaingia, akavua kofia, akainama kidogo mbele yake.

"Shikamoo, Hawe."

"Marahaba. Habari ya utokako?"

"Nzuri."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Mama yako?"

"Hajambo."

Mtoto alikuwa anahema pale kizingitini kama kifaranga. Katana alikuwa ameinua baiskeli, ameshika usukani, anangoja, machozi yanamtoka bila sauti. Na Hawe akaendelea kuuliza, wala hakupunguza hata moja. Mvua huko bara? Chakula kipo? Akaagiza kigoda. Ochieng akaketi. Akaletewa maji kwenye kata, ile ya kifuu cha nazi. Maji yakamwagika kifuani, lakini akanywa mpaka chini.

"Sasa uliza," Hawe akasema.

Watoto wakaletwa. Safari hii hawakupangwa, walikuja wakajibanza kwenye miguu ya bibi yao. Ochieng akashuka kigodani, akachuchumaa, macho yake yakawa sawa na yao.

"Unaitwa nani?"

"Kahindi."

"Hujambo, Kahindi."

"Sijambo."

"Na wewe?"

"Kadzo."

Hivyo hivyo, hivyo hivyo. Siwataji wote msije mkahesabu. Kila mmoja alimpa mkono. Kalamu hakuwa nayo.

Akamalizia kwa Dama. Akapiga magoti.

"Na huyu anaitwa nani?"

Dama alifungua mdomo ajibu. Hawe akamkataza kwa kichwa. Tukangoja. Mtoto alifumbua macho kidogo, akayazungusha, yakamkuta Ochieng.

Alisema kitu. Midomo tu. Sikusikia, mimi nilikuwa mbali. Ochieng alisikia, akaitikia.

"Hujambo, Sidi."

"Mchukueni," Hawe akasema, akainuka mwenyewe.

Dama akapanda nyuma ya baiskeli na mtoto kifuani, Katana akakanyaga. Mimi nilikimbia nyuma yao mpaka barabarani. Hapo ilipita kombi ya hoteli ikiwapeleka watalii kutazama magofu ya Gede. Dereva alimjua Katana, akasimama. Wazungu waliokuwa ndani walitazama, hakuna aliyeuliza, mama mmoja mzee akajisogeza akaweka miguu ya Sidi mapajani pake. Kombi ikageuza kuelekea Malindi, magofu yakangoja. Katana akaifuata kwa baiskeli.

Nikarudi bomani. Ningeweza kuendelea na safari yangu, hakuna aliyenizuia. Lakini Ochieng alikuwa bado kule, na Kazungu alikuwa amekaa mbele ya njia, panga juu ya mapaja.

"Amesalimia, sawa," Kazungu akasema. "Sasa tutajua kama salamu zimepokelewa. Mpaka kaka arudi, mgeni ni wetu."

Tukakaa. Jua likageuka. Tuliletewa muhogo na chai, maana mgeni ni mgeni hata kama ni mfungwa. Ochieng hakugusa chochote. Baada ya muda mrefu akaniambia, safari hii kwa Kiswahili:

"Rukia, unajua nimekumbuka nini? Nilipelekwa mashambani kwa dani, bibi yangu, nikiwa mdogo. Nikawahesabu binamu zangu waliokuwa wamelala. Alinipiga kofi hilo, masikio yakalia. Hakunieleza kwa nini. Nikasahau."

Hawe alikuwa akitusikiliza. Akauliza, "Kwenu pia?"

"Kwetu pia, Hawe."

Alimsogezea kikombe cha chai karibu na mkono.

Alasiri tukaiona baiskeli. Katana alikuwa peke yake. Alikuja polepole, na kwa mbali uso wake haukusomeka. Kazungu akasimama. Ochieng akasimama pia, nadhani hakujua kwamba amesimama.

Katana akashuka. Akaiegemeza baiskeli kwenye ukuta, akahakikisha haianguki. Akaanza kutoa salamu.

Jamani! Nilitamani kumpigia kelele. Lakini ndivyo ilivyo, mtu akitoka safari hutoa salamu kwanza, na jibu la kwanza huwa ni moja hata kama amebeba msiba.

"Habari ya huko?" Hawe akamuuliza.

"Nzuri."

Hiyo "nzuri" haikutuambia lolote. Nimekaa matangani nikaisikia mara nyingi.

"Ulimwacha vipi mkeo?"

"Hajambo."

Hakuna aliyethubutu kuuliza la tatu. Katana akaketi, akavua kiatu kimoja, akakung'uta mchanga.

"Amekunywa uji," akasema. "Amelia akitaka mwingine."

Hawe alijifunika uso na leso. Kazungu akalipeleka panga ndani, alipotoka mkononi alikuwa na mkoba wetu.

Daktari wa hospitali alisema ni malaria iliyopanda kichwani, na kwamba wangechelewa mpaka jioni wasingempata. Nami sibishani na daktari. Wala sibishani na Hawe.

Katana akatujibu maswali yote ya mshahara siku ile ile, akiwa na kiatu kimoja. Tulipofika kwenye nafasi ya idadi ya watoto, Ochieng aliifuta ile namba yake ya jana kwa wembe, taratibu, mpaka karatasi ikabaki nyeupe. Akaandika majina, yakapita pambizo, akaendelea nyuma ya karatasi.

Tukatetea utafiti wetu Nairobi, mbele ya jopo. Msimamizi wetu alipitia karatasi moja moja, akaikuta hiyo.

"Hapa tuliomba idadi. Mbona kuna majina?"

Nilimwangalia Ochieng. Huyu ndiye mtu ambaye hana mwaka wa kurudia.

"Daktari, nyumba hiyo ilikataa namba. Majina yote yapo. Jumla ya sampuli nzima iko sahihi, nyumba hiyo imo. Lakini hiyo moja peke yake sitaiandika."

"Nitaihesabu mwenyewe basi."

Akachukua kalamu, akaiweka kwenye jina la kwanza. Ikashuka la pili. Ikashuka la tatu. Midomo yake ilikuwa ikisogea. Ilipokaribia mwisho, kwa Sidi, ikasimama.

Yeye naye alikuwa mtoto wa mtu, wa kijiji fulani ambacho hakuwahi kututajia.

Akafunga kalamu na kifuniko chake, akageuza ukurasa.

"Tuendelee," akasema.

Tulifaulu. Ochieng baadaye akawa mtu mkubwa katika kazi ya takwimu, na vijana aliowasimamia wananiambia hakuwahi kumtuma mtu kijijini bila kwanza kumkalisha na kumuuliza: ukifika utaanzaje?

Kwa hiyo, ewe uliyeuliza: takwimu ni somo zuri, lisome. Wastani, sampuli, vyote vina kazi. Lakini kabla ya namba kuna mtu, na kabla ya mtu kuna mlango, na mlangoni hupigwa hodi. Ukiruka hapo, data yako haina maana hata kama hesabu ni sahihi.

Sidi ni mama sasa. Tulikutana juzi sokoni Malindi, nikajisahau nikamuuliza ana watoto wangapi.

"Ah, shangazi," akaniambia akicheka, "na wewe umeanza?"

Haya, wakuu, uwanja ni wenu. Nataka kusikia kwenu mnasemaje mtu akiulizia watoto, na nani humu ameshawahi kupeleka dodoso mahali likarudi na zaidi ya majibu.